Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utafiti Unaotoka Darasani na Haurudi

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka niwaeleze chama kimefanya nini tangu mkutano mkuu uliopita. Naanza na jambo tulilolipitisha kwa kauli moja kisha tukalitekeleza kwa kusuasua, mimi nikiwa kinara wa kusuasua.

Mtakumbuka azimio lenyewe: mwanachama akichapisha makala ya utafiti wa elimu kwa Kiingereza, aandike na ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, na ukurasa huo ufike kwenye shule alikokusanyia data. Hoja ilitolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wetu. Alisimama akasema kwamba shuleni kwake wamejaza hojaji za watafiti wanne, wamesaini fomu za ridhaa, wamewapisha wageni wakae nyuma ya darasa na madaftari yao, na hajarudi hata mmoja kuwaeleza alichokiona. Ukumbi ulinyamaza. Tulikuwa tunajijua.

Utaratibu wa kuingia shuleni mnaufahamu. Barua inatoka chuoni, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, inamfikia mwalimu mkuu ikiwa imejaa mihuri kama pasipoti ya baharia. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi huanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Njia ya kwenda imechongwa vizuri. Ya kurudi haina hata kibao.

Na kero hii haikuanza na sisi. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kukitumia kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA, ambao Martha Qorro na Birgit Brock-Utne walikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulichunguza lugha ya kufundishia hapa kwetu na Afrika Kusini, ukalinganisha wanafunzi waliofundishwa kwa lugha wanayoielewa na waliofundishwa kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na bado mwanafunzi wa kidato cha kwanza anasoma bayolojia kwa Kiingereza. Hayo tumeyajadili mpaka tumechoka. Ninalotaka mliangalie ni dogo zaidi: vitabu vilivyotokana na utafiti ule unaotetea Kiswahili darasani vimeandikwa kwa Kiingereza. Siwalaumu waandishi wake, kwani nani miongoni mwetu amepandishwa cheo kwa kuandikia ofisi ya walimu? Lakini mwalimu aliyefundisha katika madarasa yale, akitaka kujua kilichopatikana, inambidi apitie mlango uleule ambao utafiti wenyewe unasema ni mwembamba.

Basi tulifika wapi? Walioahidi ikisiri walikuwa wengi, walioleta hawakufika nusu. Ya kwangu niliileta Novemba, baada ya Katibu kunikumbusha mara ya tatu, na mara hiyo hakutumia lugha ya upole. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua siku sita. Nilipojaribu kusema kwa Kiswahili kile nilichokuwa nimekisema kwa Kiingereza, niligundua kwamba aya mbili za mjadala wangu hazikuwa zikisema chochote. Zilikuwa zimevaa suti tu.

Mvutano mkubwa ulikuwa wa istilahi. Kamati ilibishana wiki nzima kama tuandike upimaji endelezi, upimaji endelevu au tathmini endelezi, kila mmoja na kamusi yake mkononi. Tulipowasomea walimu, mmoja akauliza kama tunamaanisha yale maswali ya kuona kama watoto wameelewa kabla ya kuendelea mbele. Ndiyo, tunamaanisha hayo. Tumekubaliana kwamba istilahi iandikwe mara moja, kisha maelezo ya kawaida yafuate, na ugomvi wa istilahi ubaki kwenye kamati, ambako unatufurahisha wenyewe.

Ikisiri tulizozipata tulizipeleka kwenye vikao vya jumuiya za kujifunza, vile vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo walimu wanavyo tayari shuleni. Tusingeweza kubuni ukumbi mwingine, na walimu wasingeweza kupata saa nyingine. Hapo ndipo mwaka huu ulipopata thamani yake, kwa maoni yangu. Makala moja kuhusu stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ilisema walimu wa darasa la kwanza na la pili hawatumii zana, na sababu iliyotolewa ni uhaba wa mafunzo. Walimu walisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja wa darasa la pili akamwambia mwenzetu, “Mwanangu, mafunzo tumepata. Lile darasa halina kufuli. Zana ukizibandika asubuhi, Jumatatu unakuta ukuta mtupu.” Kwenye hojaji hapakuwa na swali la kufuli. Mwenzetu yule, nampongeza, hakujitetea. Alifungua daftari akaanza kuandika upya. Makala yake imeshachapishwa na haifutiki, ila ikisiri ya Kiswahili ina aya ya ziada ambayo makala yenyewe haina. Kwa hiyo tuna kisa kimoja ambapo muhtasari ni sahihi kuliko kitabu.

Sasa la uchungu. Wanachama wetu wawili wametapeliwa na majarida bandia. Mnajua yanavyoanza: barua pepe inakusifu kwa makala ambayo hukuiandika vizuri kiasi hicho, siku chache baadaye umekubaliwa bila hata koma kusahihishwa, kisha bili ya dola. Mmoja aliomba makala irudishwe, akaambiwa alipie na kuiondoa. Orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Denver aliyekuwa akiyataja majarida ya namna hiyo, iliondolewa mtandaoni Januari 2017, na hata ilipokuwepo ilikuwa hukumu ya mtu mmoja. Wakutubi wetu wanashauri mambo mepesi kuliko orodha: mwandikie mhariri mmoja aliyetajwa umuulize kama anajua kuwa yeye ni mhariri, tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au katika AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, soma makala mbili za toleo lililopita. Tena msidharau majarida ya nyumbani kwa sababu yanachelewa. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo mizizi yake inafika kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, linaweza kukuweka foleni, lakini mhakiki wake ataisoma kazi yako. Kuchelewa huko ndiko kusomwa.

Wakutubi hao hao wanawaomba mjisajili ORCID, namba ya utambulisho inayomfuata mtafiti popote anapochapisha. Ni bure, ipo tangu 2012, na kwetu inahitajika zaidi kuliko kwa Wazungu wenye jina moja la ukoo maisha yote. Tuna mwanachama aliyechapisha kwa jina la baba, akachapisha kwa jina la babu, akaolewa akachapisha kwa la mume. Mashine za kuhesabu marejeo zinamwona watu watatu, na hakuna kati yao mwenye kazi za kutosha kupandishwa cheo.

Fedha: Mweka Hazina atasoma hesabu, zimekaguliwa, hazitachukua muda. Ada ndiyo tatizo, na wanaodaiwa wanajijua; sitawataja, ingawa nimeshawishiwa niwataje.

Nafasi ya mhariri wa ikisiri iko wazi. Haina posho. Anatakiwa mtu anayeandika Kiswahili kinachosomeka na asiyeogopa kumwambia profesa kwamba sentensi yake haieleweki. Atakayechaguliwa atakabidhiwa daftari moja la kaunta tulilorudi nalo kutoka kwenye vikao vya shule, ambamo walimu wameandika maswali wanayotaka yachunguzwe. La kwanza limeandikwa kwa wino mwekundu: kwa nini watoto wangu wanasoma vizuri Ijumaa na wanasahau Jumatatu? Hadi leo hakuna aliyelichukua.