Mhariri, hiyo si damu

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma tangu enzi za gazeti la kufungia vitumbua na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo imebidi. Ni ile taarifa yenu ya ukurasa wa utamaduni, wiki mbili zilizopita, kwamba tamthilia za Waingereza wa leo zimegundua kuwa kujiua kumo kwenye damu ya ukoo, kama vile wazee wetu walivyosema siku zote.

Mfano mkubwa mliotoa ni *Anatomy of a Suicide* ya Alice Birch. Mwandishi wenu hakuiona. Nimejua hivyo kwa sababu ameisimulia kama hadithi tatu zinazofuatana: bibi, Carol, wa miaka ya 1970, kisha bintiye, Anna, ambao wote wawili wanajiua, mwisho mjukuu, Bonnie, wa miaka ya 2030. Hazifuatani hata kidogo. Wote watatu wako jukwaani wakati mmoja, kila mmoja na nyumba yake na watu wake, maneno yakigongana. Hata kitabu chake kimechapwa hivyo, safu tatu ubavu kwa ubavu.

Mimi niliiona katika ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 2017, Katie Mitchell akiwa mwongozaji. Tulitoka Leicester kwa treni na binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, na ndiye aliyekata tiketi. Ukumbi ule umepakana na stesheni ya Sloane Square, kwa hiyo treni za chini ya ardhi zikipita unazisikia kwenye kiti. Nikimfuata Carol, Bonnie ananipita. Nilidhani tatizo ni Kiingereza changu cha kutunzia wazee, kumbe hata yule babu Mwingereza niliyekaa naye ameweka kiganja sikioni. Halafu kati ya onyesho na onyesho wanawake wale wanasimama kimya, watu wengine wanakuja kuwavua na kuwavisha. Mikono yao inainuliwa, inapitishwa kwenye mikono ya gauni, vifungo vinafungwa, wao wanatazama mbele tu.

Hapo ndipo nilipobanwa na kifua. Asubuhi moja ya mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, shangazi alinisimamisha sebuleni akanivalisha gauni jeupe, akanifunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, asinieleze tunakwenda wapi. Tulikwenda kumzika mama. Niliambiwa ni homa. Nikakua na homa hiyo, kila mtoto akichemka nilitetemeka. Kweli niliijua nikiwa na miaka ishirini na sita, na hakuniambia baba wala shangazi. Alinieleza mshenga! Posa yangu ilikuwa imeshapokewa, mahari imezungumzwa, kumbe upande wa pili wametuma watu kuuliza uliza mtaani kwetu. Bahasha ikarudi ileile ya kaki, na pesa zao wakazidai. Nilipomkimbilia mshenga hadi kituo cha basi kumuuliza nimekosa nini, akaniambia, bila hata kuketi, "Mwanangu, kwenu wana hiyo." Hiyo ipi? Ndipo akanieleza, abiria wakipanda na mizigo yao, kuku mmoja akilia ndani ya tenga. Sasa nyinyi, miaka yote hii baadaye, mnanirudishia neno la mshenga yule mkiwa mmelipaka rangi ya London.

Na Bonnie mmempongeza! Mmeandika kuwa alipomwomba daktari amfunge kizazi alikata laana ya ukoo. Mimi nina watoto wanne, Mhariri. Wa tatu anapenda kuimba bafuni hadi majirani wanagonga ukuta. Ningefunga? Yule binti aliachwa na watu ambao hakuna aliyekaa naye chini akamweleza, akabaki kujihesabu mwenyewe kama jipu la kukatwa. Tulipotoka, binti yangu hakusema neno hadi stesheni ya St Pancras. Pale ndipo nilipomwambia habari ya bibi yake, kwa mara ya kwanza, tumeshika vikombe vya chai. Ananiambia hospitalini huuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyejiua, kwa sababu hatari huongezeka. Sawa. Hata shinikizo la damu huulizwa, na hakuna anayerudishiwa mahari kwa sababu ya babu mwenye presha.

Mkamtaja na Sarah Kane, mwandishi wa tamthilia Mwingereza. Alijiua Februari 1999 akiwa na miaka 28, na tamthilia yake ya mwisho, *4.48 Psychosis*, ikaonyeshwa mwaka 2000 katika jengo hilohilo la Royal Court. Yeye amerithi kwa nani? Hamkusema. Mmemchomeka tu, kama kwamba mtu aliyepanga kila neno kwenye karatasi kwa makini ya fundi cherehani alikuwa anaandika cheti chake cha kifo.

Tukiwa hapohapo, acheni pia zile habari za ukurasa wa tatu: kijana kajiua, mnataja alivyofanya, mti gani, picha ya mama yake amekaa chini, kisha "chanzo wivu wa mapenzi". Nani amewaambia? Uingereza waliacha kuhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha kosa hilo mwaka 2025. Kwetu nyumbani aliyenusurika bado anaweza kushtakiwa, na nyinyi ndio mashahidi wa kwanza. Huku Uingereza, gazeti likiandika habari ya namna hii, chini huweka namba ya Samaritans, shirika la kuwasikiliza waliokata tamaa, 116 123, ya bure usiku na mchana. Nyinyi chini ya taarifa yenu mliweka tangazo la mganga wa kuondoa mikosi ya ukoo.

Ombi langu ni dogo. Chukueni watu watatu wa chumba cha habari, wasome safu zile tatu kwa sauti, kwa pamoja, bila kusubiriana, na aliyeandika taarifa awe Bonnie. Baada ya hapo, kila atakayeandika "damu" kwenye habari isiyohusu ajali, hospitali au machinjio atie shilingi elfu tano kwenye kopo la chai ya ofisi. Kopo nitatuma mimi. Ninalo la biskuti, mfuniko wake bado unabana vizuri.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza