Mita ya treni za modeli si lazima iwe ya bei mbaya

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenzangu wa treni za modeli, maana naona wanaoanza wanatishwa sana eti bila mita ya kupimia umeme (multimeter) ya bei mbaya iliyojaa vitufe kama rimoti huwezi kushughulikia umeme wa reli zako. Si kweli jamani. Treni za kontrola ya kawaida zinaenda na DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri), kuanzia 0 mpaka volti 12 hivi, na mota za kubadilishia njia mara nyingi zinatumia AC (umeme unaogeukageuka) ya volti 16 hivi, sasa hapo mita ndogo ya kuzungusha kuchagua kipimo, yenye DC ya volti 20 na AC ya volti 200, inashindwa nini?

Cha kuangalia kwanza ni kama inalia pale umeme unapopata njia ya kupita. Gusanisha zile ncha mbili za waya zake usikie pii. Zile za chini kabisa nyingine hazina huo mlio, ziacheni, kwa sababu ukiwa umejikunja chini ya meza mkono mmoja kwenye waya mwingine kwenye reli, skrini utaisoma saa ngapi? Na kabla ya kupima hivyo zima umeme kwanza, halafu ondoa injini na mabehewa yote yenye taa kwenye reli, manake umeme wa mita unapita kwenye mota ya injini na mita inalia, mtu unaanza kufumua waya kutafuta shoti ambayo haipo.

Ila huo mlio nao usiuamini sana, na hapa ndo wengi wanapotea. Mita nyingi zinalia hata kama kuna ukinzani wa ohm 20 au 30 katikati, kwa hiyo kiungio cha reli kilichoshika kutu kikiwa na ohm 10 kitalia vizuri tu, lakini injini inayovuta nusu ampea ikipita hapo volti 5 zimeshapotea, ndo unaona treni inachechemea kona ya mbali wakati karibu na kontrola inakimbia. Dawa yake ni kuweka mita DC 20, treni iwe mbele ya kile kiungio na inavuta umeme, kisha ncha moja upande huu wa kiungio na nyingine upande wa pili, kwenye reli ileile. Kikiwa kizima inasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au mbili basi mchawi umempata, na kazi yote hiyo imefanywa na mita ya bei poa.

Wa DCC (treni zinazoongozwa kidijitali) mtaniambia mita zenu zinadanganya, na ni kweli, ule umeme unageuka maelfu ya mara kwa sekunde wakati AC ya mita rahisi imepangwa kwa hezi 50 au 60 za umeme wa nyumbani. Basi namba yenyewe msiishike, linganisheni tu, karibu na kontrola imesoma ngapi na mwisho wa reli ngapi.

Tundu la 10A kwenye mita, la kupimia ampea nyingi, ndilo linanitia wasiwasi. Mita nyingi rahisi hazina fyuzi hapo, ukimaliza kupima ampea ukasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, ukija kupima volti unakuwa umepiga shoti kabisa. Na hizi mita tafadhali zisiingizwe kwenye soketi ya ukutani, ziishie upande wa volti ndogo. Betri ikichoka nayo ibadilishwe mapema, inafanya mita isome juu kuliko ukweli.

Hela inayobaki nunueni waya mnene mpeleke umeme sehemu kadhaa za reli badala ya kutegemea viungio peke yake.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa treni ndogo