Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Maoni ya mtandaoni yatueleze watu wanauliza nini, yasitumike kuhesabu wanaokataa chanjo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KUPIMA MSIMAMO WA WANANCHI KUHUSU CHANJO KWA KUTUMIA MITANDAO YA KIJAMII

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijijini mkoani Morogoro, na kwa miaka 12 sasa kazi yangu kubwa imekuwa kliniki ya mama na mtoto. Siku moja niliitwa kwenye kikao cha kazi ambako tulioneshwa ukutani chati iliyotokana na maoni ya watu kwenye Facebook na Instagram kuhusu chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Maoni yaliyohesabiwa kuwa ya kupinga yalikuwa mengi, na kabla kikao hakijaisha tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba wananchi wetu wameikataa chanjo na kwamba dawa yake ni kuongeza vipeperushi na matangazo ya redio. Nilinyamaza siku ile, na ukimya huo umenisumbua hadi leo.

Sipingi Wizara kusikiliza mitandao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka kusitasita kuchanja miongoni mwa mambo 10 yanayotishia afya duniani, na uvumi unaoanza usiku kwenye simu huweza kufika zahanati kabla hatujafungua mlango asubuhi. Tena zipo tafiti zinazoonesha kwamba maandishi ya mtandaoni hubeba ukweli fulani: mwaka 2011 Marcel Salathé na Shashank Khandelwal walichapisha uchambuzi wa ujumbe wa Twitter kuhusu chanjo ya mafua ya H1N1 nchini Marekani, wakaona kwamba maeneo yenye kauli nyingi za kuiunga mkono ndiyo pia yaliyokuwa na makadirio makubwa ya waliochanjwa.

Hata hivyo, Marekani hiyo hiyo ilipata somo jingine miaka 10 baadaye. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa kupitia Facebook ulikuwa ukikusanya majibu ya watu wapatao 250,000 kila wiki kuhusu chanjo ya korona, na watu wengi waliuamini kwa ukubwa wake. Ilipofika Mei mwaka huo, makadirio yake ya waliopata dozi ya kwanza yalikuwa juu ya hali halisi kwa pointi 17 za asilimia, ilhali uchunguzi mdogo wa watu kama 1,000 tu, waliochaguliwa kwa uangalifu ili wawakilishe wananchi wa kila aina, ulikaribia ukweli zaidi. Uchambuzi wa tofauti hiyo ulichapishwa kwenye jarida la Nature Desemba 2021. Wingi wa majibu haukuusaidia ule mkubwa, kwa sababu waliojibu hawakufanana na waliobaki kimya.

Ikiwa hilo lilitokea katika nchi ambayo karibu kila nyumba ina intaneti, kwetu hali ikoje? Akina mama wengi ninaowahudumia wana simu za kitochi, na mwenye simu janja hununua bando la siku moja anapokuwa na shida maalumu. Tangu mtandao wa X (zamani Twitter) uache kupatikana nchini bila VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, mwezi Mei 2025, anayeendelea kuandika humo ni mtu wa aina ya pekee, na wengine wako nje ya nchi. Wanaobishana kuhusu chanjo kwenye mitandao, kwa jinsi ninavyowaona, wengi wao hata hawana mtoto wa umri wa kuchanjwa.

Lipo pia suala la lugha yenyewe. Programu inayotafuta neno "chanjo" mwaka 2025 ingekusanya pamoja maoni ya wazazi na ya wafugaji, kwa kuwa mwaka huo ndipo ilipozinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, iliyojadiliwa sana. Ikitafuta "kuchanja" itazoa wanaochanja kuni, wanaochanja mbuga na waliochanjwa chale kwa mganga. Na wazazi wenyewe mara nyingi hawatumii neno hilo kabisa; wanasema "sindano", "sindano ya saratani", "kuchomwa". Mwaka 2021, kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajachanjwa hadharani tarehe 28 Julai, kauli niliyoisikia mara kwa mara kijijini ilikuwa "waanze wao wakubwa". Mashine ingeiweka kauli hiyo kwenye fungu la wanaokataa. Mimi niliisikia kama sharti, na lilipotimizwa wapo waliokuja.

Naomba nikueleze, Mheshimiwa, mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

Aprili 2024, nchi ilipohamia dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, tulikwenda shuleni kuchanja. Baba mmoja alikuja na simu mkononi, akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao, unaodai kwamba sindano ile huwafunga wasichana kizazi. Baba yule hakuwahi kuandika neno lolote mtandaoni, wala ujumbe ule haungeonekana kwenye chati ya mtu yeyote. Swali lake lilikuwa moja: kama kweli ni kinga, mbona watoto wa kiume hawachomwi? Nikamweleza kwamba virusi vinavyosababisha saratani hiyo hubebwa na wanaume pia na kwamba ziko nchi zinazowachanja wavulana, lakini saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo tumeanza na wasichana. Tulikaa chini ya mwembe karibu nusu saa. Kesho yake alimleta binti yake mwenyewe.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema, kwa kuwa linatuhusu sisi watumishi. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6, zinazobaki humwagwa. Mama akifika na mtoto wake mmoja siku ambayo hakuna wengine, nimewahi kumwambia arudi Alhamisi ili tusipoteze dozi 9. Mmoja wao alikuwa ametembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni na kadi ameifunga kwenye kitambaa. Alhamisi hakurudi, na huduma ya mkoba, yaani sisi watumishi kuwafuata wananchi walipo, haikufika kitongojini kwake mwezi ule wala uliofuata. Kwenye takwimu mtoto yule ni mmoja wa ambao hawakukamilisha chanjo. Akitokea mtu akailinganisha takwimu hiyo na maoni ya Facebook, atasema mama amepotoshwa na mitandao. Mama yule hana Facebook, na chanjo aliifuata kwa miguu yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba Wizara iyatumie maoni ya mtandaoni kujua maswali na uvumi unaozunguka, na iache kuyatumia kukadiria ni wangapi wanaokataa au ni kata ipi yenye ukaidi, kwa sababu maoni mengi hata hayaoneshi mwandishi yuko wapi. Anayeyasoma awe mtu anayekijua Kiswahili cha mtaani, na swali linaloibuka lifike kwetu zahanati ndani ya siku chache pamoja na jibu tunaloweza kulitoa, maana mzazi hatalipeleka makao makuu, atalileta kwangu. Kadirio la msimamo wa wananchi lipatikane kwa kuwauliza wananchi: sampuli ndogo ya kaya iliyochaguliwa vizuri, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakibisha hodi na kuandika sababu kama zilivyosemwa. Hata daftari letu la kliniki lingeweza kuwa na safu moja ya sababu ya kutokamilisha, ambamo "kichupa hakikufunguliwa" ina nafasi yake.

Na wanaosikilizwa wahakikishiwe usalama wao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itajwe wazi kwamba anayeuliza kuhusu chanjo, hata kwa ukali, jina lake halitakusanywa wala kupelekwa popote. Mzazi akianza kuogopa kuuliza, hata hayo maswali machache tunayoyaona mtandaoni yatatoweka, na sisi tutadhani yamekwisha.

Niko tayari kuitwa na kuyaeleza haya ana kwa ana, pamoja na daftari langu.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi mkunga,
Zahanati ya kijiji, Mkoa wa Morogoro.