Kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupokea, na nimefurahi kusikia kwamba umepewa darasa la kwanza lenye watoto 86 pamoja na lile kabati la vitabu vya hadithi lililokaa miaka mingi kwenye ofisi ya walimu. Umeniuliza kama si mapema mno kuwaazimisha vitabu watoto ambao bado wanachanganya b na d, hasa kwa kuwa vitabu vyenyewe ni 60 tu na umeshatia sahihi kwamba kikipotea hata kimoja utaulizwa wewe. Ninakujibu hadharani kwa sababu najua wapo walimu wengi wenye ufunguo kama huo na hofu kama hiyo.

Waazimishe, na uanze mwezi huu huu. Kitabu cha kiada kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania mtoto hukutana nacho darasani, mara nyingi akiwa amekizunguka na wenzake watatu au wanne, na hukifungua ukurasa aliotajiwa na mwalimu. Kitabu cha kuazima amekichagua mwenyewe, pengine kwa sababu tu jalada lina picha ya fisi, na akifika nacho nyumbani anaweza kurudia ukurasa mmoja mara ishirini bila kuambiwa kwamba muda umekwisha. Kama hajajua kusoma, atatazama picha na kutunga maneno yake mwenyewe, na siku herufi zitakapomkubali atakuwa tayari anajua kwamba ndani ya kitabu mna jambo linalostahili kutafutwa.

Nina jambo la kukukiri hapa. Mwaka wangu wa pili kazini, mtoto mmoja wa kike alirudisha kitabu kikiwa kimeraruka kurasa mbili. Nilimsimamisha mbele ya darasa, nikamtaka mzazi wake alipe, na mzazi akalipa. Fedha ilipatikana na kitabu kingine kikanunuliwa, lakini mtoto yule hakuazima tena kitabu chochote hadi anamaliza darasa la saba, na wenzake waliokuwa wakitazama siku ile wakaanza kukaa mbali na kabati. Nilidhani ninalinda vitabu. Hadi leo sijui kitabu kilichogharimu zaidi ya kile, na ndiyo maana nakuomba usimtoze mtoto wa umri huo faini yoyote, wala usimwaibishe.

Badala yake weka boksi moja chini ya rafu, liite hospitali ya vitabu, na uwaambie watoto kwamba kitabu kikiumia wakilaze humo wenyewe. Siku ya Ijumaa kaa nao wachache mkitibu: gundi nyeupe kidogo na ukanda wa karatasi nyembamba kwa ukurasa ulioraruka, sindano na uzi kwa kitabu kilichoachia katikati. Selotepu iepuke, maana baada ya muda hugeuka njano, hubanduka na kuacha doa. Mtoto aliyewahi kushika sindano ya kushonea kitabu hukifungua kwa mkono mwingine kabisa.

Kuhusu idadi, ligawe darasa katika makundi mawili ya watoto 43. Kundi la kwanza liazime Jumatano na lirudishe Jumatano inayofuata, ndipo kundi la pili lichukue. Kwa utaratibu huo utabaki na vitabu 17 darasani vya kuwasomea kwa sauti wote, na hili la kuwasomea usiliache, kwani kitabu ulichokisoma wewe asubuhi ndicho watakachogombania kukiazima. Kipindi chenu cha dakika 30 kitatosha iwapo utapata wanafunzi wawili wa darasa la sita wa kuandika kwenye daftari la kuazima tarehe, jina la mtoto na jina la kitabu. Mtoto asiyeweza kuandika jina lake achore alama yake, embe au jogoo au nyota, na aichore ile ile kila mara. Utashangaa jinsi anavyojivunia kuikuta alama hiyo wiki inayofuata anapoambiwa aifute kwa kuwa amerudisha.

Kitabu kisitoke bila mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, sisi tulishona mifuko ya vipande vya vitenge, na kwa majira ya masika tukaipachika kiroba cha unga kwa nje ili mvua isipenye.

Wazazi ndio watakaokuchukulia muda zaidi, na ni haki yao. Wengine wataficha kitabu juu ya kabati na kukirudisha kikiwa safi kama kilivyoondoka, kwa kuogopa kulipishwa. Waite kabla hujaazimisha hata kimoja, uwaambie waziwazi kwamba hakuna malipo, na kwamba nyumba isiyo na msomaji inafaa vilevile. Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akimwambia mjukuu wake, “Nionyeshe picha,” kisha anaanza, “Paukwa!” na mtoto anaitika, “Pakawa!” Sungura wa kitabuni akapata safari mpya kila usiku, na mtoto akaja kutusimulia zote.

Naelewa kwamba hata baada ya haya mkono utasita kwenye kufuli. Basi ikumbuke Garissa, ambako mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wanaohamahama vitabu juu ya migongo ya ngamia, kwenye vumbi na jua kali, ili waviazime. Kumbuka pia kwamba Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa hapa Tanzania mwaka 1991 kwa sababu hadithi za Kiswahili za watoto zilikuwa haba, na kwamba kuna watu waliokaa wakaandika, wakachora na kuchapisha ili watoto kama hao 86 wako wapate cha kusoma. Kukiweka kitabu cha namna hiyo gizani hadi mchwa wakifikie ni kukipoteza pia, ingawa daftari la mali ya shule litaonyesha kwamba kipo.

Jumatano ijayo, baada ya mapumziko, vitandaze vyote 60 juu ya mkeka, majalada yakitazama juu, uwaache watoto wazunguke wachague bila kuwaharakisha. Jioni yake niandikie ni kitabu gani kilichogombaniwa, na ni mtoto gani alichelewa kuchagua hadi wa mwisho, kwani huyo ndiye ningependa tuanze kumzungumzia.

Ni mimi dada yako