Barua ya wazi kwa kamati za fedha za makanisa na misikiti ya Dodoma

Mbukwenyi wanangu,

Mnabishana kama dini inajenga jamii au inaibomoa. Chungulieni kwanza kwenye kihenge. Kaya ya watu sita, kila mmoja akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, humaliza gunia la kilo 100 kwa siku 33. Mwaka mzima ni magunia 11. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Mtama ukishauzwa Julai, hakuna vuli ya kumwokoa mtu. Na Julai hiyohiyo mhubiri anasimama uwanjani, anamwambia mama mwenye magunia manne auze mawili apande "mbegu", yaani atoe sadaka ili avune baraka, nanyi mnampitishia kapu! Januari mama huyo anakopa debe moja ili alipe mawili, kisha anaambiwa imani yake ni haba. Huo ni unyang'anyi, na aliyeshika kapu yumo. Wenyeviti wa vijiji waliokaa meza kuu wakipiga makofi nao wamo.

Dini zenyewe zimeweka mpaka. Katika Uislamu, zaka ya mazao haimgusi aliyevuna chini ya vipimo 5 vya wasaki, yaani kama kilo 650. Aliyefikisha hutoa sehemu moja ya 10 kwa shamba la mvua, ya 20 kwa la kumwagilia. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kuwa mtu hutoa kwa kadiri ya alicho nacho. Mbona hayo hayasomwi siku ya harambee?

Sadaka wahesabu watu watatu wasio ndugu, kabla ya kutoka ibadani. Iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi, iende benki siku ya kazi inayofuata. Ikilala nyumbani kwa mtu, itaanza "kuazimwa". Waumini wasomewe hesabu kila miezi mitatu.

Anayewaambia wagonjwa waache ARV au dawa za kifua kikuu, mzimieni kipaza sauti. Virusi huongezeka upya, na kifua kikuu huweza kuwa sugu.

Wanangu, nawasema kwa ukali kwa kuwa najua mnachoweza. Hospitali ya Mvumi ni kazi ya kanisa, na hakuna anayeulizwa dini mlangoni pa maisha na kifo. Basi mwenye ziada alete nafaka. Iwe kavu, punje ikatike kwa mlio ukiing'ata. Mbichi itaota ukungu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kaya zisizo na akiba ziandikwe Novemba, kimyakimya, na ugawaji uanze Januari, nyumba kwa nyumba, bila picha.