Mbegu za Januari ni za nani?

Mhariri,

Miaka nimesoma gazeti lenu kimya, ila habari ile ya mbegu za mahindi zilizogawiwa "kwa dharura" vijijini kwetu Dodoma imenishinda. Picha mmetoa kubwa: mgeni rasmi, mfuko, makofi. Kwamba ilikuwa mwishoni mwa Januari mmeliweka aya ya mwisho, kana kwamba halina uzito.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Februari mara nyingi husimama, Aprili inakatika. Mahindi ya siku 110 yakipandwa 25 Januari, mbelewele, yaani maua yake, zinatoka mwishoni mwa Machi. Hapo ndipo yanapotaka maji kuliko wakati wowote. Jua likiwaka wiki mbili, unavuna magunzi yenye mapengo. Yakiponea hapo, punje zinajaa wakati udongo umeshakauka. Mtama aina ya Macia ungekunja majani ukangoja mvua irudi. Mahindi hayana subira hiyo.

Halafu mbegu anapewa mtu ambaye jikoni hana kitu! Mbegu ile imepakwa dawa, ndiyo maana ina rangi, na wapo wanaoiosha na kuipika kwa sababu watoto wamelala njaa. Kuosha hakuondoi sumu yote. Asiyeila akaipanda, nani ataipalilia? Palizi ya kwanza inatakiwa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuota, na wiki hizo ndizo mwenye njaa anakwenda kulima kibarua shamba la mwenzake apate debe la unga. Lake linamezwa na majani. Penye gugu la kiduha ni balaa zaidi, maana linanyonya mizizi ya mazao kabla halijachomoza. Watu sita wakila gramu 400 za nafaka kila mmoja kwa siku, ni kilo 72 kwa mwezi. Anayeleta mbegu bila hizo kilo 72 asiseme ameleta msaada, amewaongezea watu kazi.

Na ndege kwelea kwelea je? Mnahimiza mtama, sawa, lakini Macia ni mweupe na hauna uchungu, ndege wanaupenda kuliko sisi. Mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linamaliza tani 10. Wanakijiji wanatoa taarifa viota vikiwa bado kwenye miiba. Dawa inafika masuke yamebaki makapi.

Dawa ya hili si semina. Kilo 4 za mtama kwa ekari, au kilo 2 za uwele kwa wenye udongo wa kichanga, zifike kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya 15 Novemba, pamoja na chakula cha kufikisha watu palizi ya pili. Kila shehena zichotwe mbegu 100, zifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota pungufu ya 80, lori ligeuze. Atakayechelewa hadi Januari alete kunde na choroko, mahindi ayaache ghalani. Mabango, kwa kuwa lazima yawepo, yachapwe kwenye turubai imara la mita 4 kwa 6, sherehe ikiisha kina mama walichukue wakapuria mtama.

Mkulima na msomaji wenu,
Chamwino, Dodoma