Jumamosi tunapika wali wa Kifilipino wa vitunguu saumu

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi kila mmoja jikoni kwake tunapika sinangag, wali wa kukaanga ambao Wafilipino hula asubuhi kwa yai na nyama. Kubwa kuliko yote: wali uwe kiporo. Upikeni Ijumaa jioni, ukishapoa tu uingie kwenye friji. Wali wa moto utashikana na kuwa bokoboko.

Kwa vikombe 3 vya wali, katakateni punje 8 za vitunguu saumu. Ndiyo, 8, msipunguze! Vitieni kwenye mafuta yakiwa bado baridi, moto mdogo, koroga bila kuondoka. Vikianza kuwa rangi ya dhahabu, opoeni nusu. Vikifika kahawia iliyokolea vinakuwa vichungu, na uchungu huo hautoki. Hapo tieni pilipili. Kule kuna pilipili ndogo kali iitwayo siling labuyo, huku pilipili kichaa 2 zinatosha. Ongezeni moto, mimineni wali mliouchambua kwa vidole, chumvi, geuzeni hadi usikike ukichachatika. Vile vitunguu vilivyoopolewa nyunyizeni juu.

Wenye watoto, pilipili ikatieni kwenye siki, ikae pembeni. Picha nazisubiri kabla ya saa 4 asubuhi.